Mstari wa Mwisho wa Orodha: Historia ya Vifo Visivyojulikana Sababu

Katika Kiswahili, sababu ya kifo inaweza kukosekana kwa njia zaidi ya moja. Sababu isiyojulikana ni ile ambayo hakuna aliyeifahamu. Sababu isiyotajwa huenda ilifahamika, lakini aliyeifahamu alinyamaza. Sababu isiyobainika ilitajwa, ila kwa maneno mapana mno hata yasifae kitu. Msikilizaji wa tangazo la msiba akiambiwa kwamba marehemu alifariki «baada ya kuugua kwa muda mfupi», hajui ni ipi kati ya hizo tatu iliyokusudiwa, na kwa desturi haulizi. Karani wa takwimu hana ruhusa hiyo ya kutouliza. Kila cheti cha kifo kinachofika mezani pake lazima kipewe namba, na katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (CIM, kwa kifupi chake cha Kifaransa), lililoidhinishwa mwaka 1990, hali zote tatu zaweza kuishia mahali pamoja: R99, sababu nyingine za kifo zisizofafanuliwa vizuri wala kubainishwa. Huo ndio mstari wa mwisho wa sura nzima ya dalili na ishara. Historia yake ni ndefu kuliko historia ya orodha yenyewe.

Yafaa kuanzia London, si kwa sababu karatasi za vifo za jiji hilo zilikuwa za kwanza duniani, bali kwa kuwa zilipata msomaji makini. Tangu mwanzoni mwa karne ya 17, makarani wa parokia walitoa kila Alhamisi karatasi iliyoonyesha idadi ya waliozikwa na maradhi yaliyowaua. Waliotambua maradhi hayo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wazee, aghalabu maskini, walioapishwa kwa kazi hiyo. Waliingia nyumba ya msiba, wakautazama mwili, wakawahoji wafiwa, kisha wakampelekea karani neno moja au mawili. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja wa London, John Graunt, alichapisha kitabu cha uchunguzi juu ya karatasi hizo. Mbele yake zilikuwapo hesabu za miaka 20 zenye vifo 229,250. Humo alikuta ndui na kifua kikuu, lakini pia alikuta «uzee», «meno» (yaani watoto waliokufa wakati wa kuota meno), «kupigwa na sayari», na «ghafla».

Neno hilo la «ghafla» lastahili kutazamwa. Si jina la ugonjwa. Ni kielezi, laeleza namna kifo kilivyofika. Hata hivyo lilipangwa katika safu moja na nomino za maradhi, likahesabiwa na kujumlishwa kama yalivyojumlishwa hayo mengine. Graunt hakuwadharau wale wanawake kwa jambo hilo. Aliona kwamba kwa maradhi mengi macho na masikio ya mtu wa kawaida yatosha, na kwamba vifo vya uzee au vya watoto wachanga havihitaji mtaalamu wa kuvitambua. Kilichomtia shaka ni mahali ambapo aibu iliingia. Kaswende, aliandika, ilikuwa karibu haionekani katika karatasi, ijapokuwa jiji zima lilijua kwamba inaua: waliokufa nayo waliandikwa chini ya vidonda na kukonda, kwa kuwa kileo na senti chache viliweza kumlegeza mchunguzi. Waliobaki na jina la kaswende ni wale waliochukiwa na jirani zao, au wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwala pua.

Tauni ya mwaka 1665 ilionyesha upande mwingine wa jambo hilo. Karatasi za mwaka ule zilitaja vifo 68,596 vya tauni. Lakini nyumba iliyotajwa kuwa na tauni ilifungwa kwa amri, pamoja na wazima waliokuwamo ndani. Basi kila jamaa alikuwa na sababu nzito ya kuomba neno jingine liandikwe, na miezi ile ile maradhi mengine yaliongezeka katika karatasi kwa kiasi ambacho wenyeji wenyewe hawakukiamini. Hapo yaonekana kwamba cheti cha kifo, tangu enzi hizo, kilikuwa na matokeo kwa walio hai. Neno lililoandikwa liliweza kumfungia mtu mlango.

Usajili wa kiserikali wa vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, na miaka miwili baadaye ofisi hiyo ilimwajiri William Farr, mtu aliyesomea udaktari na kupenda hesabu. Katika taarifa yake ya kwanza alilalamika kuwa ugonjwa mmoja huitwa kwa majina matatu au manne, ilhali jina moja hubebeshwa magonjwa tofauti. Tena kwamba istilahi ina umuhimu katika fani hii kama mizani na vipimo katika sayansi za maumbile. Walimu wa istilahi hupenda kauli kama hiyo, na wana haki. Lakini jambo lililomletea Farr ugomvi halikuwa la istilahi peke yake.

Katika vifo vya nusu ya pili ya mwaka 1837, Farr aliandika kwamba watu 63 walikufa kwa njaa. Idadi ni ndogo mno ikilinganishwa na jumla ya vifo vya nchi. Hata hivyo Edwin Chadwick, katibu wa tume iliyosimamia sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834, hakuweza kuinyamazia. Sheria ile iliwanyima maskini wenye nguvu msaada wa nyumbani na kuwapeleka kwenye nyumba za kazi, na watetezi wake walidai kuwa hakuna mtu anayeweza kufa kwa njaa chini yake. Chadwick alitaka maelezo ya kila kisa, akajitahidi kuonyesha kwamba vingi vilikuwa na sababu nyingine. Jibu la Farr lilikwenda kinyume na lilivyotarajiwa. Hakuitetea idadi ya 63 kuwa ni kamili. Alisema kwamba ni pungufu. Ukosefu wa chakula, kwa maoni yake, huua kwa nadra chini ya jina lake. Kwa kawaida hudhoofisha mwili, kisha homa au kuhara au kifua huja kumaliza kazi, na karani huandika homa au kuhara au kifua. Waliokufa kwa uhitaji walikuwa wametawanyika katika mistari mingine ya orodha, kila mmoja akiwa na sababu «inayojulikana» vizuri.

Ugomvi huo haukupata mshindi wa wazi, na kwa sababu hiyo hautajwi sana katika historia rasmi za uainishaji. Ni kosa kuupita. Ndani yake limo swali ambalo hakuna orodha iliyolimaliza: je, sababu ni kile kilichokuja mwisho, au kile kilichofungua mlango?

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika Bruxelles mwaka 1853 uliwaagiza Farr na Marc d'Espine wa Geneva kutayarisha orodha moja kwa nchi zote. Mwaka 1855, mjini Paris, walileta orodha mbili, kwa kuwa mmoja alipanga magonjwa hasa kwa mahali pake mwilini na mwingine kwa asili yake. Mkutano ukachanganya zote mbili, ikapatikana orodha ya vichwa 139 ambayo haikuzipendeza nchi nyingi. Kazi iliyodumu ni ile ya Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris (nduguye Alphonse ndiye aliyebuni vipimo vya mwili vya kuwatambua wahalifu, familia nzima ilipenda kupanga watu katika masanduku). Bertillon aliwasilisha orodha yake Chicago mwaka 1893, na mwaka 1900 wajumbe wa nchi 26 walikutana Paris kuifanyia marekebisho ya kwanza. Ilikuwa na mafungu 179. Mwishoni kabisa, baada ya ajali na majeraha, palikuwapo sura ya magonjwa yasiyofafanuliwa vizuri, na humo ndimo kielezi kile cha zamani, «ghafla», kilimopata makazi ya kisayansi.

Mwaka 1948 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilichukua dhamana ya orodha, na marekebisho ya sita yakaja pamoja na fomu ya kimataifa ya cheti cha kifo inayotumika mpaka leo kwa mabadiliko machache. Fomu hiyo ina fikra ndani yake. Daktari haandiki sababu moja, bali huandika mnyororo: katika mstari wa kwanza hali iliyoua moja kwa moja, chini yake kilichosababisha hali hiyo, na chini zaidi kilichoanzisha yote. Mfano, mama amefariki kwa kutokwa na damu. Damu ilitoka kwa kuwa mfuko wa uzazi ulipasuka. Mfuko ulipasuka kwa kuwa mtoto alikwama. Hiyo ya chini ndiyo sababu ya msingi, nayo ndiyo inayoingia katika majedwali ya taifa. Daktari akiandika tu kwamba moyo ulisimama, amesema kweli, lakini amesema lililo kweli kwa kila maiti. Kanuni za CIM-10 zilimwagiza karani apite juu ya uzee na hali nyingine zisizobainika ikiwa cheti kinataja jambo jingine lolote lenye maana. Mstari wa mwisho ukawa hivyo mahali pa kukimbiwa.

Ndipo likaja neno kali. Mwaka 1996, Christopher Murray na Alan Lopez, waliokuwa wakikadiria mzigo wa magonjwa duniani, waliyapa jina la misimbo-takataka matumizi ya namba zisizosaidia mipango ya afya: R99, lakini pia «moyo kusimama» na «moyo kushindwa kazi», ambazo zimo katika sura ya kuheshimika ya magonjwa ya moyo. Lawama yao ilikuwa na msingi. Taifa ambalo sehemu kubwa ya vifo vyake imo katika mstari wa mwisho haliwezi kujua linunue dawa gani. Hata hivyo neno «takataka» lina hatari yake. Wizara ikihukumiwa kwa wingi wa R99, njia nyepesi ya kuipunguza si kuchunguza zaidi, bali ni kukisia zaidi. Na kisio likishavaa namba ya ugonjwa, hakuna tena anayelitambua kuwa ni kisio. Kati ya cheti kinachokiri kutojua na cheti kinachodai kujua bila ushahidi, cha kwanza kina faida zaidi kwa mwanahistoria, na huenda kwa daktari pia.

Uzee waonyesha jinsi hukumu hizo zinavyobadilika kwa kufuata mtu na mahali. Nchini Japani kudhoofika kwa uzee kulipanda mwaka 2018 hadi nafasi ya tatu miongoni mwa sababu za vifo, katika nchi yenye hospitali kila upande. Malkia Elizabeth II alipofariki Uskoti tarehe 8 Septemba 2022, akiwa na umri wa miaka 96, cheti chake kilitaja uzee peke yake. Wakati huo huo toleo la 11 la CIM, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, lilikuwa limelazimika kuondoa kichwa cha habari «uzee» baada ya wataalamu na vyama vya wazee kulalamika kwamba umri si ugonjwa. Nyanya wa kijijini aliyeandikiwa neno hilo hilo na muuguzi huhesabiwa kuwa kasoro ya takwimu.

Mstari wa mwisho umewahi pia kuzaa elimu. Mwaka 1969, katika mkutano uliofanyika Seattle, madaktari walikubaliana juu ya maana ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kisichoelezeka hata baada ya mwili kupasuliwa na kuchunguzwa. Kabla ya hapo watoto hao walitawanywa: wengine chini ya nimonia, wengine chini ya kukosa hewa, na baadhi ya akina mama walishukiwa kuwa wamewalalia. Toleo la tisa la CIM likawapa namba yao, na toleo la kumi likawaweka R95. Kukusanywa kwao pamoja kulisaidia watafiti kuuliza swali lililofaa, wakagundua kwamba wengi walikuwa wamelazwa kifudifudi. Kampeni za miaka ya 1990 za kuwalaza watoto chali zilipunguza vifo hivyo sana, ingawa namna hasa mtoto anavyokufa bado haijaelezwa yote. Kutojua kuliwekewa mipaka, kukapewa jina, kukafanya kazi.

Wakati mwingine jina lilikuwapo tayari, ila halikusomwa. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, wakimbizi wa Kihmong kutoka Laos walioishi Marekani walianza kufa usingizini, wanaume vijana wasio na ugonjwa. Makarani hawakuwa na la kuandika. Wafilipino walikuwa na neno «bangungot» kwa kifo cha namna hiyo, Wajapani «pokkuri», Wathai «lai tai». Mwaka 1992 ndugu wawili Brugada walieleza hitilafu ya umeme wa moyo, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo vile vya usingizini ilitokana nayo. Lugha tatu za Asia zilikuwa zimeukusanya ugonjwa huo mahali pamoja muda mrefu kabla ya orodha ya Geneva.

Kiswahili nacho kiliingizwa katika kazi hii. Kuanzia mwaka 1992 hadi 2004, mradi mmoja wa Tanzania uliochunguza maradhi na vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulitumia mahojiano na wafiwa badala ya kupasua maiti: mhojaji hufika nyumbani, huuliza marehemu aliumwa nini, kwa siku ngapi, alikohoa, alivimba, alipoteza fahamu, madaktari husoma majibu na kukadiria sababu. Ni kazi ya wale wanawake wa London iliyofanywa upya kwa fomu. Ugumu wake kwa mwanaisimu uko wazi. «Homa» ni joto la mwili na vilevile ni malaria. «Degedege» ni mtukutiko wa mtoto, lakini kwa wazazi wengi ni ugonjwa kamili wenye chanzo chake na mganga wake, hivyo mzazi aliyeulizwa kama mtoto alikuwa na malaria aweza kujibu hapana kwa moyo safi. Swali lililotafsiriwa ovyo humfanya mfiwa aonekane hajui, hali yeye alijua kwa jina jingine. Fomu za kimataifa zilizofuata nazo zimehifadhi nafasi ya sababu isiyojulikana, kwa alama ya VAs-99.

Kongo imeikuta kadhia hii kwa ukali wake wote. Mwishoni mwa Agosti 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, eneo la Bumba, mwalimu mmoja alitibiwa kwa dawa ya malaria. Alifariki tarehe 8 Septemba. Katika majuma yaliyofuata watu waliendelea kufa kwa homa na kutokwa na damu, na watumishi wa hospitali nao wakafa. Dkt. Ngoy Mushola alifika kutoka Bumba, akaandika dalili alizoziona. Profesa Muyembe alikuja kutoka Kinshasa. Malaria, homa ya matumbo, homa ya manjano: kila jina lilijaribiwa, na kila jina lilikuwa na namba yake katika orodha. Toleo la tisa la CIM lilikuwa limekubaliwa Geneva mwaka mmoja tu uliotangulia, wala halikuwa na mahali pa ugonjwa huu. Kabla haujaisha, watu 318 walikuwa wameugua na 280 walikuwa wamekufa. Virusi vilipewa jina la mto Ebola ili Yambuku isibebe aibu, na toleo la kumi likavipa namba A98.4.

Kinachopaswa kuangaliwa ni kwamba Yambuku haikukosa sababu ya kifo hapo mwanzo; ilikuwa nazo nyingi mno. Lililochelewesha ni majina yaliyokuwa karibu mkononi. Jambo lililofanana nalo lilitokea Durba, penye machimbo ya dhahabu ya kaskazini-mashariki, ambako ugonjwa wa kutokwa na damu ulijulikana kwa jina la mahali hapo kwa miaka kadhaa kabla ya virusi vya Marburg kuthibitishwa mwaka 1999. Mlipuko huo, uliodumu hadi mwaka 2000, ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 154 na vifo 128.

Mwisho wa mwaka 2024 mpangilio ulipinduka. Katika kanda ya afya ya Panzi, mkoani Kwango (isichanganywe na Panzi ya Bukavu), watu, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, waliugua homa, kikohozi na udhaifu. Kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi tarehe 5 Desemba waliandikwa wagonjwa 406 na vifo 31, vyote chini ya kichwa kimoja: ugonjwa usiojulikana. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na maabara haikuwapo. Sampuli zilipelekwa Kikwit. Safari hii hakuna aliyekisia, na kwa sababu hiyo magazeti ya dunia yote yalilitaja jina la Panzi. Timu za wataalamu zilifika. Sampuli za kwanza zilikuwa 12, na 10 kati yake zilionyesha malaria. Kufikia katikati ya Desemba hesabu ilikuwa wagonjwa 891 na vifo 48, na maelezo ya OMS yalitaja mchanganyiko wa malaria, virusi vya kawaida vya kifua na utapiamlo mkali. Sababu ikajulikana, magazeti yakageukia mambo mengine.

Ilibaki kazi ya kuziandika sababu hizo. Kwa mtoto wa Panzi aliyekufa akiwa na yote matatu, cheti cha kimataifa kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hupokea mnyororo: kushindwa kupumua, na chini yake malaria, B50. Sehemu ya pili hupokea hali zilizochangia bila kuwa katika mnyororo, na huko ndiko utapiamlo, E40 hadi E46, unakoandikwa mara nyingi. Majedwali ya vifo huchapa sababu moja kwa kila marehemu, nayo huchukuliwa, kwa kawaida, kutoka sehemu ya kwanza.